Waliobeba

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, kwa hivyo kila ninachokijua kuhusu siku hiyo nimepewa na watu wengine. Ukikaa Nairobi na watu waliokuwa watu wazima mwaka huo, huna haja ya kuuliza sana. Taja tu bomu. Hawakuulizi bomu gani. Mama alikuwa Gikomba akichagua mitumba, na mpaka leo anakumbuka kwamba alikuwa ameshika sweta ya mtoto, ya kijani. Jirani yetu alikuwa anaishi Makongeni wakati huo. Yeye alikuwa anaanika nguo aliposikia madirisha ya ploti yote yakitetemeka. Kila mmoja ana mahali pake.

Mjomba wangu pia alikuwa na mahali pake, lakini katika miaka yote niliyokua nikimwona alipataja mara moja tu, mezani, siku ya Krismasi, watu wazima walipoanza kuhesabiana walikokuwa. Alisema, “Mimi nilikuwa Railways.” Halafu akaomba apitishiwe chumvi.

*

Kwa wenzangu mliozaliwa baadaye, nieleze kwa ufupi. Ubalozi wa Marekani ulikuwa katikati ya jiji, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mwendo wa dakika chache tu kutoka stesheni ya reli. Saa nne na nusu ya asubuhi ikiwa imepita kidogo, lori lililobeba bomu la al-Qaeda lilifika upande wa nyuma. Walinzi wa lango walikuwa Wakenya, hawakuwa na bunduki, na walikataa kufungua. Mmoja wa washambuliaji akarusha gruneti.

Huo mlio wa kwanza ndio ulioharibu macho ya watu. Kwenye maofisi ya karibu, makarani, wahasibu na wateja waliinuka na kwenda dirishani kuona kuna nini. Wewe pia ungeenda, hata mimi. Walikuwa wamesimama hapo, nyuso zimekaribia kioo, bomu lenyewe lilipolipuka. Balozi wa Marekani, Prudence Bushnell, alikuwa mkutanoni na waziri wa biashara, Joseph Kamotho, katika jengo la Co-operative lililo jirani. Amesimulia kwamba wenzake walielekea dirishani, na yeye alikuwa bado amebaki nyuma. Aliumia, lakini alitoka akitembea.

Jengo la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka. Ndani yake mlikuwa na chuo cha uhazili, na wanafunzi walikuwa darasani. Ndani ya basi lililokuwa likipita Haile Selassie, abiria walikufa wakiwa wamekaa vitini. Dakika chache kabla au baada, bomu jingine lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani kule Dar es Salaam na kuua watu 11. Nairobi walikufa watu 213. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Waliojeruhiwa walizidi 4,000.

Hao wanafunzi wa uhazili huwa nawafikiria kuliko wengine, na sababu yenyewe ni ya kibinafsi. Mimi naishi kwa kupiga taipu. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu karo iliposhindikana, na tangu hapo ninakula kwa kuandikia watu: makala, wasifu wa kazi, hotuba za harusi, hata barua za kuomba msamaha. Wale wasichana leo wangekuwa wamefika miaka arobaini na kitu, hamsini. Wangekuwa mashangazi. Wangekuwa wananiambia nikae wima kwenye kiti.

*

Pale palipokuwa ubalozi sasa ni bustani ya ukumbusho. Unalipa shilingi chache, unaingia. Siku za kawaida watu wanakula chipsi kwenye nyasi, mtu anajilaza na gazeti usoni, wapenzi wawili wamekaa bila kuongea. Sioni ubaya wowote. Katika jiji ambalo hata kukaa chini unahitaji kununua soda kwanza, mahali pa kukaa ni zawadi nzuri kutoka kwa marehemu.

Halafu kuna ukuta. Majina yamechongwa hapo, yamepangwa, na kila tarehe 7 Agosti familia huja na maua. Kuna maombi, kuna kunyamaza, kuna hotuba. Nimewaona wazee wakiweka kidole kwenye jina moja na kukiacha hapo, kama mtu anayeangalia kama sufuria bado ina moto.

Nimehudhuria mara tatu sasa. Kwenye hotuba huwa kuna sehemu ya kuwashukuru waliookoa watu. Inatajwa polisi, wazima moto, wanajeshi, madaktari na wauguzi, Msalaba Mwekundu, St John. Wanatajwa waokoaji waliosafiri kutoka Israeli na mbwa wao wa kunusa. Wote hao wanastahili, na shukrani hizo hazitoshi hata kidogo. Kisha, mwishoni kabisa, kabla ya mtu kukunja karatasi yake, huja maneno haya: na wananchi wa kawaida.

Maneno manne tu, kwa kundi lililofika kwanza.

*

Mwaka 2023 nilikuwa nalala kwenye sofa ya mjomba huko Ngong. Aliacha matatu zamani. Ana kibanda cha mayai, mkate na krediti ya simu, na mimi nilikuwa nimeacha chuo bila nyumba ya kurudi isipokuwa ya mama, ambako maswali yalikuwa mengi. Kwa mjomba hakukuwa na maswali. Ananiita Maitu, mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na mtu hamuulizi mama yake kwa nini amerudi nyumbani.

Ulikuwa unatimia mwaka wa 25 tangu bomu. Mteja mmoja wa ng’ambo alitaka makala, na alikuwa amenitumia muhtasari wa kufuata. Niliusoma kwa sauti ili nielewe anataka nini. Kifungu cha tatu kilisema kwamba ambulensi zilifika na kuwakimbiza majeruhi hospitalini.

Mjomba alikuwa anahesabu trei za mayai. Akasimama. “Ambulensi gani?”

Sikujibu.

“Hapana, nauliza tu. Ambulensi gani hizo, Maitu? Ilikuwako moja hapa, moja pale. Watu walikuwa mamia. Sisi ndio tulikuwa ambulensi.”

Ndipo akakaa chini. Nitaandika alivyosema, kwa mpangilio aliotumia yeye.

Alikuwa na miaka 24, makanga kwenye gari ya Ngong. Gari ilikuwa imepaki steji ya Railways ikingoja kujaa. Aliposikia mlio wa kwanza alidhani ni polisi. Mwaka uliotangulia, 1997, jiji lilikuwa limezoea vitoa machozi, kwa hivyo akili yake ilienda huko. Akafunga mlango ili abiria wasishuke wakimbie bila kulipa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake wakati huo, nauli. Halafu ukaja wa pili. Anasema hakuusikia kwa masikio, aliusikia kwa kifua. Vioo vya gari vilishuka vyote pamoja, na kwa muda karatasi zilikuwa zinaanguka kutoka juu, karatasi za ofisi, nyingi sana, polepole.

“Watu walianza kutoka kwa huo moshi. Wanatembea tu. Hakuna mtu anapiga kelele. Huyo hana viatu, huyo nguo zimeenda, na wote rangi moja, ile ya vumbi. Dereva akaniambia, fungua mlango. Nikafungua.”

Sijui kama unaijua hiyo njia. Ukitoka Railways unapanda Haile Selassie, unavuka Uhuru Highway, unapandisha Community, na hapo mbele unaingia Hospitali ya Kenyatta. Ndiyo njia ya magari ya Ngong. Walikuwa wanaipita kila siku, mara saba, mara nane. Siku hiyo waliipita mara tano na hawakufika Ngong hata mara moja. Watu waliwekwa vitini, sakafuni, wengine juu ya wengine. Magari mengine yalikuwa yanafanya hivyo hivyo: matatu, teksi, pikapu za mboga, gari za watu binafsi zenye viti vya kitambaa. Hakuna aliyepanga. Waliokuwa na mikokoteni walileta watu kwa mikokoteni. Kule kwenye vifusi watu walikuwa wanafukua kwa mikono, kwa sababu mashine zilikuwa bado hazijafika.

“Nani aliwaambia mpeleke Kenyatta?” nikamuuliza.

“Hakuna mtu alituambia kitu. Nilikuwa nashikilia mlango. Hiyo ndio kazi nilikuwa najua.”

Kwenye safari ya pili, au ya tatu, kulikuwa na mwanamke aliyekaa kiti cha karibu na mlango. Macho yake yalikuwa yamejaa kioo. Alimshika mjomba mkono na hakuuachilia, na kila baada ya muda aliuliza, “Tumefika wapi?” Mjomba alimjibu jinsi alivyozoea kuwajibu abiria. Tunavuka highway. Tuko hapo Community. Shukisha ni hapo mbele. Yule mwanamke akamuuliza jina, naye akamwambia. Mjomba hakumuuliza lake.

Walipofika, watu wa hospitali walimchukua kwa kitanda cha magurudumu, na mjomba ikabidi atumie mkono mwingine kuondoa vidole vyake, kimoja kimoja, kwa sababu gari ilikuwa inarudi.

Jioni waliosha gari kwa sabuni ya unga na ndoo sita za maji. Mwenye gari alikuja, akaangalia viti, akaangalia madirisha, kisha akauliza hesabu ya siku iko wapi. Mjomba alikatwa mshahara wiki mbili. Hasimulii sehemu hiyo kwa hasira. Anaisimulia kama mtu anayekuambia bei ya unga wakati ule.

*

Nilimuuliza kwa nini hajawahi kwenda kwenye bustani, na yeye aliishi miaka yote hiyo akipita hapo mbele.

“Nikienda nitamtafuta,” akasema. “Na simjui jina. Sasa nitasoma majina ya wanawake wote, kila moja nijiulize kama ni yeye. Na nikimaliza sitakuwa nimejua kitu.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka miwili, na ndilo lililonifanya nianze kuandika haya. Ukuta wa majina umejengwa kwa ajili ya mtu anayejua jina analolitafuta. Mama anajua. Mume anajua. Mtoto, hata kama alikuwa na miezi mitatu wakati huo, amefundishwa. Lakini aliyebeba mtu asiyemjua, akamsikia akipumua kwa dakika kumi na tano, akamkabidhi kwa mtu mwingine mlangoni, huyo hana pa kuweka kidole. Hajui kama anaomboleza au la. Hajui kama wao wawili walishinda au walishindwa.

Na wako wengi. Nchi hii bado inamkumbuka Rose, yule mwanamke aliyefunikwa na vifusi vya Ufundi, ambaye sauti yake ilisikika kutoka chini na kila mtu akakaa karibu na redio akingoja atolewe. Alipofikiwa alikuwa amefariki. Rose tunamkumbuka kwa jina moja, kama dada. Lakini juu ya vifusi kulikuwa na watu waliokuwa wamelala kifudifudi, mdomo kwenye ufa, wakimwambia tunakuja, usilale. Nao walikwenda nyumbani. Walikula chakula gani usiku ule? Nani aliwauliza?

Kumbukumbu zetu zinapenda karatasi. Aliyeumia ana karatasi ya hospitali. Aliyefiwa ana cheti cha kifo. Hata hao wamehangaika: Marekani ilitoa misaada ya matibabu na karo miaka ile ya mwanzo, lakini mwaka 2020 Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335, fidia hiyo ilielekezwa kwa Wamarekani na waliokuwa waajiriwa wa balozi. Mkenya aliyekuwa anapita zake njiani hakuwemo. Wengi wao bado wanafuata kesi na kamati, wakiwa na faili zilizochakaa kwenye mifuko ya plastiki. Kama mwenye karatasi anasumbuliwa hivyo, mwenye kushika mlango ataanzia wapi? Hakuumia. Hakufiwa. Alikatwa tu mshahara.

Sisemi mjomba alipwe. Nilimuuliza, akacheka. Alisema, “Nilipwe nauli ya wale watu?” Ninachosema ni kwamba kuna namna ya kuheshimu inayohitaji sare. Tukiona sare tunajua pa kupigia saluti. Mtu akiwa na fulana ya makanga na sarafu mfukoni tunamweka kwenye yale maneno manne ya mwisho, kisha tunakaa tupumzike.

*

Tumejaribu kufanya vizuri zaidi, nakubali. Aprili 2015, baada ya wanafunzi kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, nilikuwa kidato cha pili. Idadi iliyokuwa ikitajwa ilikuwa 147, na watu walikataa iwe nambari tu. Wakaanza kuandika mtandaoni majina na picha na vitu vidogo: huyu alipenda kuimba, huyu alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Hapo nilijifunza kwamba kukumbuka ni kazi, na kwamba mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifanya.

Na wabebaji bado wapo. Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa mjini, orofa ya tatu, kwenye ofisi ya rafiki, maandamano yakiwa chini barabarani. Mlio ukasikika na wote wakakimbilia dirishani. Mimi nililala chini. Wakanicheka. Kwetu tumelelewa hivyo: ukisikia mlio, usiende dirishani, lala kwanza, utauliza baadaye. Nilikua nikidhani ni sheria ya kila nyumba, kama vile kutopiga mluzi usiku. Mpaka usiku ule wa trei za mayai sikujua sheria hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa mwanamke wa kiti cha karibu na mlango.

Nilipochungulia baadaye, niliona pikipiki ya bodaboda ikipita kwa kasi, dereva, kijana katikati ametupa kichwa nyuma, na msichana nyuma yao amemshikilia kwa mikono yote miwili. Kila mara nikipita hapo najiuliza kama yule msichana alijua jina la kijana.

*

Mwaka huu tarehe 7 Agosti nilienda na daftari. Hotuba zilipokwisha nikakaa kwenye benchi na kuanza kuwauliza wazee, kwa adabu, swali moja. Wengi walikuwa wamekuja kwa ajili ya jina lililo ukutani. Lakini wanne hawakuwa na jina. Mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni soko la Wakulima. Alibeba watu wawili, mmoja akafa njiani, na hakujua kama anaruhusiwa kumweka chini. Mmoja alikuwa fundi viatu, alitoa kamba zote alizokuwa nazo ili watu wafungwe vidonda. Mama mmoja alipanga foleni ya kutoa damu kuanzia mchana, na zamu yake ilipofika jua lilikuwa limezama. Wa nne alisema alikimbia. Alikimbia mpaka Muthurwa, halafu akarudi. Akaniomba niandike yote mawili, kwamba alikimbia na kwamba alirudi. Nimeandika.

Hakuna hata mmoja aliyetaka jina lake litajwe, na mjomba pia hataki. Nilimsomea makala haya jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha mahali pamoja, idadi ya ndoo, kisha akasema niwaambie watu kitu kimoja: dereva alikuwa mtu mzuri, na alifariki 2011, na ni yeye aliyesema mlango ufunguliwe.

Kwa hivyo nimewaambia.

Nawe ukiwa na baba, shangazi, mzee wa ploti, mtu yeyote aliyekuwa Nairobi asubuhi hiyo, najua umeshamuuliza alikuwa wapi. Atakuwa na jibu tayari, amelisema mara nyingi. Ngoja amalize. Kisha muulize alimbeba nani.